Shangazi, nilimwambia baba nimepata divisheni wani

"Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 20, tunaishi karibu na Makambako. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, PCB. Tangu nikiwa darasa la saba baba ananiita daktari na mtaa mzima wakafuata. Aliuza eka mbili za miti kabla haijakomaa ili nisome shule ya binafsi ya bweni. Matokeo yametoka, nimepata Kemia D, Baiolojia D, Fizikia E, yani divisheni tatu ya pointi 13. Baba ana simu ya kitochi, alivyoniuliza nikajikuta nimesema wani, sijui hata kwanini. Jumapili akasimama kanisani akatoa shukrani. Wenzangu wako kwenye mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mafinga, mimi sikuripoti kwasababu mama alifanyiwa upasuaji wa tumbo nikawa namuuguza wiki tatu. Nilikuwa namgeuza, namuogesha, namshikia nesi trei akisafisha kidonda, na kulikuwa na bibi kitanda cha pili hana ndugu nikawa namlisha uji namfulia na kanga zake, mpaka nesi wa zamu ya usiku umeme ukikatika ananiita mimi nikamshikie tochi. Sasa sijui nirisiti, niombe digrii yoyote ili mradi niko chuo, au niende Dar kwa rafiki yangu anauza duka Kariakoo. Usiku silali shangazi."

Marahaba mwanangu. Poleni sana na kuuguza, na mama Mungu amsimamishe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikawa nahesabu. Neno daktari umelitaja mara moja tu na hapo ulikuwa unasema baba anavyokuita. Hakuna mahali umeandika mimi nataka kuwa daktari. Ila wodini umenipeleka mpaka nimemuona yule bibi na kanga zake, nimeiona tochi. Hilo naliweka hapa pembeni nitalirudia, mana kabla yake kuna baba.

Mwambie baba. Na sio mwezi ujao, wiki hii. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, hayafichiki mwanangu, shule yako iko pale mtandaoni na kila mtahiniwa ana mstari wake, siku yoyote mwalimu wa hapo kijijini au mtoto wa jirani atafungua kwa nia njema kabisa akupongeze alafu habari imfikie baba ikiwa imepita kwa watu kumi. Hicho ndo kitakachomuumiza, kuliko hiyo E. Alafu kuna jambo nadhani hujalifikiria, baba yako sahivi anajua una wani ya PCB kwaiyo anajua unaenda udaktari miaka 5, na mzee wa Njombe anayejua mtoto anaenda kusoma miaka 5 unafikiri usiku anawaza nini? Anahesabu miti. Kila siku unayokaa kimya kuna miti inapigiwa hesabu, pengine na mnunuzi ameshaanza kuja kuiangalia. Miti ikishakatwa haisubiri ukiri.

Najua unaogopa. Mimi ni shangazi wa kwenye safu tu, ila wewe naamini una shangazi wa damu, dada yake baba, awe mkubwa au mdogo, aliyeolewa mbali au karibu. Huyo ndo wa kumpigia leo. Kwetu dada ana mdomo kwa kaka yake ambao mama yako hana na wewe huna, anaweza kumwambia kaka kaa chini nikwambie jambo na kaka akakaa. Muombe aje. Ila asikusemee, nisikilize hapo vizuri, yeye afungue mlango tu, maneno uyaseme wewe. Jioni, mmeshakula, mko jikoni mnaota moto maana najua baridi ya huko mwezi huu, sema, baba nilikudanganya, sikupata wani nimepata tatu, niliogopa kwa ajili ya ile miti. Basi, unyamaze. Usianze kujitetea kwamba mtihani ulikuwa mgumu au mwalimu wa fizikia alihamishwa. Anaweza akanyanyuka akatoka nje. Muache atoke. Atazunguka huko gizani atarudi, na ukimuona anauliza "kwaiyo sasa unafanya nini?" ujue hapo ndo pa kuwa na jibu, na jibu tunalitafuta hapa chini.

Kuhusu kurisiti, yani kurudia mtihani. Inawezekana, unajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na unaweza kurudia hiyo fizikia peke yake, mtihani ni Mei. Ila jiulize ukweli, E kuwa D inakupeleka wapi? Udaktari unataka angalau D kwenye masomo yote matatu na hiyo E ya fizikia ndo inayokufungia, sawa, lakini ukipata D tatu unaenda kusimama mstari mmoja na watoto wenye A na B na nafasi ni zile zile chache, alafu fizikia ina praktiko na nyumbani huna maabara. Ungeniandikia kwamba unaota kuwa daktari ningekwambia risiti hata mara mbili. Hujaandika ivyo.

Digrii yoyote ili mradi chuo, hapa naomba nikae kidogo kwasababu pananiuma. Wewe kwa D mbili unazo pointi 4.0 kwa hesabu ya TCU, tume ya vyuo vikuu, sio zile 13 za divisheni, na 4.0 ndo kiwango chao cha chini kwa kozi nyingi, kwaiyo ukiomba huku na huku chuo utapata, na ukoo watafurahi. Mdogo wangu wa kiume alimaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), mwaka 2009, akaomba kozi ambayo mpaka leo ukimuuliza ilikuwa inahusu nini anababaika, aliiomba kwasababu dirisha lilikuwa linafungwa na mzee wetu alikuwa anauliza kila siku. Akaacha mwaka wa pili. Hakumwambia mtu, alikaa mwaka mzima mjini anajifanya anasoma, likizo anakuja nyumbani na begi la madaftari. Mimi ndo niliyoyafungua yale madaftari siku moja nikitafuta karatasi ya kuandikia, yalikuwa matupu, la kwanza tu ndo lilikuwa na kurasa kumi hivi. Nilikaa kitandani kwake nikalia. Sahivi ni fundi umeme, alienda chuo cha ufundi VETA ana miaka 27 akiwa na wenzake waliotoka kidato cha nne juzi, anafanya wiring nyumba za watu na anaifanya vizuri sana, ila deni la bodi ya mkopo la ule mwaka na nusu liko pale pale linamngoja, na ile miaka haikurudi. Mkopo sio zawadi mwanangu, ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka iishe. Kopa kwa kozi ambayo ukiulizwa unaweza kuieleza mpaka bibi akaelewa.

Kariakoo siipingi, wapo watu wameanzia kuuza duka la mtu leo wana lao. Ila wewe hujaandika unapenda biashara, unataka kwenda mahali ambapo baba hayupo. Ukishamwambia baba ukaona bado unaitaka Kariakoo niandikie tena tuongee.

Sasa turudi wodini.

Mwanangu kuna diploma ya tabibu na kuna diploma ya uuguzi na ukunga, zote miaka 3, na chuo hakiangalii hiyo E yako, wanaangalia kidato cha nne, ufaulu wa kuanzia D kwenye baiolojia, kemia na fizikia na masomo mengine ya kukamilisha. Kama ulichaguliwa PCB basi kidato cha nne ulifanya vizuri, cheti hicho kitoe kwenye bahasha ukiangalie upya maana umekisahau. Vyuo vya afya vya serikali maombi yanapita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, vya binafsi vingi unaomba chuoni moja kwa moja, ila kabla hujatuma hata shilingi ya fomu hakikisha jina la chuo na kozi yenyewe vipo kwenye orodha ya NACTVET, sio kimoja bila kingine, watu wanalizwa hapo kila mwaka, mtu anasoma miaka miwili ndo anaambiwa kozi haijasajiliwa. Mkopo wa diploma ulianza mwaka wa masomo 2023/24 ila sio kozi zote za afya zimo, mwongozo wa bodi unazitaja kwa majina, usome wote usisikie ya kuambiwa. Na cheti cha kuzaliwa cha kuombea mkopo kihakikiwe mapema RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, usingoje wiki ya mwisho mfumo unapolemewa.

Najua kuna mtu atakwambia eti kidato cha sita yote hiyo alafu unarudi diploma na wa kidato cha nne. Najua vile neno hilo linavyochoma. Ila fikiria zahanati ya hapo kwenu, ukiingia na mtoto anachemka unamkuta nani? Unamkuta tabibu au nesi, na akikosekana huyo mmoja kijiji kizima kinapanda bodaboda usiku. Na mlango haufungwi, ukimaliza diploma na GPA (wastani wa alama) ya kuanzia 3.0 unaweza kuomba digrii, hata huo udaktari wenyewe ukiwa umetokea utabibu, kama vigezo vingine vya chuo unavyo na kama wakati huo utakuwa unautaka kweli. Wapo madaktari walioanza hivyo, wakaja darasani wameshazalisha akina mama kwa mikono yao.

Ila mimi sikuchagulii, nimekuona kwenye barua tu. Kwaiyo fanya hivi, mama akirudi kliniki nenda nae, mtafute yule nesi wa zamu ya usiku, muulize maswali ya kawaida kabisa, alisoma wapi, ada alilipaje, mwaka wa kwanza kilimshinda nini, usiku wa kwanza mgonjwa alipomfia mikononi alifanya nini asubuhi yake. Ukitoka hapo roho bado inataka, basi unalo la kumjibu baba akiuliza unafanya nini sasa. Ukitoka hapo roho imesinyaa, niandikie hivo hivo, hakuna aibu, tutaangalia maabara, famasia, hata ualimu wa baiolojia na kemia ambao kwa D zako unaweza kuombea digrii.

La JKT lisikunyime usingizi, ila zile karatasi za mama za kulazwa na kutoka zitunze, siku ukiulizwa kwanini hukuripoti uwe nazo mkononi.

Nitumie alama zako za kidato cha nne, fizikia, kemia, baiolojia, hesabu na kingereza, nitumie kabla ya Ijumaa maana madirisha ya maombi hayasubiri. Ila kabla ya kunitumia mimi mpigie shangazi yako, muulize basi la kuja huko linaondoka saa ngapi.