Faili ni lako, sio la mume wako

Maswali ya wanawake wanaoomba hifadhi ya ukimbizi yamejaa, nachukua machache, na mengine jamani nshayajibu mpaka nimechoka.

Kuna mtu anauza stori ya kuombea hifadhi, mwenzangu alipita nayo, ninunue?

Hapana. Na ukiulizwa mlango wa nyumba ya kwenye hiyo stori ulikuwa unatazama wapi utasema nini?

Nimeingia bila pasi, kesi imekufa?

Haijafa. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia hivyo akijitokeza mapema na kueleza sababu, kasome. Jitokeze mapema, ueleze kwa nini umeingia hivyo, usikae umejificha miezi.

Ombi liko kwa jina la mume wangu, mimi nimeandikwa tegemezi. Ananipiga. Nikimwacha nitarudishwa?

Hili ndo linaloniumiza kila wiki. Mwanamke amekimbia na watoto mgongoni alafu ofisini anaulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa basi, mume ndo anaeleza yote, na hakuna anayejua kwamba huyu mama naye ana sababu zake, pengine nzito kuliko za mume. Omba intavyuu ya peke yako, mume asiwe chumbani, watoto pia. Sio upendeleo huo, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, waliandika hivyo kwenye miongozo yao ya 2002, na nchi nyingi zinakuruhusu ufungue ombi lako mwenyewe. Muone wakili KABLA hujaondoka nyumbani, sio baada, na karatasi zako weka kwa mtu unayemwamini maana waume wa aina hii kitu cha kwanza wanachokificha ni karatasi.

Nimeambiwa kupigwa na mume ni ugomvi wa nyumbani, sio ukimbizi. Kweli?

Nusu kweli, na hiyo nusu ndo inawaangusha wengi. Mkataba una sababu tano: rangi, dini, utaifa, kundi fulani la kijamii na msimamo wa kisiasa. Jinsia haimo, walioandika walikuwa wanamfikiria mwanaume mwenye siasa zake. Kwahiyo wanawake wamepitia dirisha la kundi la kijamii. Marekani 1996 msichana wa Togo aliyekimbia kukeketwa akapewa hifadhi, Uingereza 1999 wakapita wanawake wawili wa Pakistan waliofukuzwa na waume zao, na Januari 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hata wanawake wote wa nchi wanaweza kuhesabiwa kundi. Ila usiishie kusema "alinipiga". Sema ulienda polisi wakakujibu nini, au kwa nini hukuthubutu kwenda, maana swali lao ni kama serikali yako ingekulinda. Na usitegemee kesi ya zamani ya shangazi yako, mambo hubadilika, huko Marekani mlango wa kesi za kipigo ulifunguliwa 2014, ukafungwa 2018, ukafunguliwa tena 2021, na 2025 ukabanwa tena.

Mkalimani ni mwanaume wa kwetu. Nilibakwa njiani, naona aibu, niseme kwenye rufaa?

Usisubiri rufaa dada yangu. Ukilisema baadaye watasema umelitunga, ni uonevu lakini ndo wanavyofanya. Omba mkalimani mwanamke na anayekuhoji awe mwanamke, omba kwa maandishi, wakikataa sema tu "kuna jambo siwezi kulisema mbele ya huyu" na hakikisha limeandikwa. Mkimaliza usomewe tena ulichosema kabla hujasaini. Na mkalimani akikufuata nje akitaka namba yako ya simu, hiyo nayo ripoti.

Kambini vyoo viko mbali, hakuna taa, mlango hauna komeo. Nikilalamika watanichelewesha?

Malalamiko na kesi ni vitu viwili, lalamika, tena mkiwa watano sita mtasikika zaidi. Wanawake wanaacha kunywa maji kuanzia jioni ili wasitoke usiku, alafu wakubwa wanakuja kupiga picha na mahema mapya! Komeo bei gani? Na yule anayekupa chumba "bure" kwake mjini kwa vile anakuonea huruma, muulize kwa nini hajawahi kumwonea huruma mwanaume.