Chakula cha juma moja kwa jamaa ya watu sita

Mama, umeuliza kikundi chenu hapa Goma kinunue nini kwa jamaa ambazo ugonjwa wa kuambukiza umezifungia biashara. Kwa juma moja, watu sita: unga kilo 17, maharagi kilo 5, mawese lita moja na nusu, chumvi yenye iodini gramu 200. Hapo kila mtu anapata karibu kalori 2100 kwa siku.

Maharagi ndiyo yanaharibu mipango. Yanakula makala (makaa ya kupikia) mengi, na asiye na makala atayauza. Toeni makala pamoja nayo, na mchague maharagi mapya, maana ya zamani hayaivi upesi. Yalowekwe usiku mzima, maji yale yamwagwe. Mawese yasiunguzwe mpaka yawe meupe: vitamini A inapotea. Unga unaonuka ukungu msiuchukue, hata wakipunguza bei.

Orodha ya jamaa za kusaidiwa msimwachie shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, peke yake. Wapangaji wapya husahaulika, nao ndio wenye shida zaidi. Msiite watu wote kwa wakati mmoja. Jamaa kumi kwa saa zinatosha, maji na sabuni mlangoni. Wagonjwa wapelekewe, mzigo uachwe nje ya mlango.