Watu walicheka ukumbini, usiwanunie

Mdogo wangu, umesema mmeonyeshwa igizo la Sizwe Bansi Is Dead hapo Tanga, watu wakacheka wee, na we unatakiwa utoe maoni darasani huku hasira imekukaba. Aisee kicheko kile ni cha makusudi, Fugard, Kani na Ntshona, waliolitunga, walipolitoa 1972 Afrika Kusini ya makaburu waliweka mwanzoni mpiga picha Styles anavyosimulia kiwanda cha Ford kinavyosafishwa mbio mbio bosi akija (mi hapo hoi), ndo maana Buntu, anayemsaidia Sizwe, akibandika picha ya Sizwe kwenye pasi ya marehemu (kile kitabu cha kibali walicholazimishwa weusi kutembea nacho), ili apate kibali cha kukaa mjini, unashtuka. Usisimulie igizo zima, wenzio si wameliona? Kamata hapo tu pa pasi, sema kilichokuuma na kama Sizwe alifanya sawa kuachia jina lake na kuchukua la marehemu. Halafu usiishie kwa makaburu, waulize wazee waliokata mkonge Muheza kuhusu kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi enzi za mkoloni, ila kile kilikuwa cha kuhesabu kazi na mshahara, sio pasi ya kuingilia mjini, tofauti hiyo itaje mwenyewe kabla mwalimu hajakubana.