Kwa mnaoanza kupiga laini Tabora: moramu itawachezea

Kila kundi jipya la kupima kina cha mwamba kwa mitetemo ya nyundo likifika Tabora, haipiti miezi miwili tunaletewa mchoro wa rangi tamu: jabali liko mita 23. Mashine ya kuchimba inagota mita 10. Hapo jiofoni, vile vihisio vya mtetemo tunavyochomeka ardhini kwenye laini, zinasingiziwa ubovu.

1. Jiofoni isimame wima, mwiba wote ardhini. Pakiwa pagumu, toboeni kwanza kwa nondo.

2. Nyundo ya kilo 8 inatosha. Rundikeni mapigo matano hadi kumi, yaani jumlisheni rekodi zake. Ikidunda kwenye sahani ya kupigia, pigo hilo litupwe. Angalieni waya wa triga kwenye mpini, unaoanzisha saa ya kurekodi: ukichelewesha wimbi la kwanza kwa milisekunde 5 kwenye udongo wa mita 500 kwa sekunde, mwamba "unashuka" mita moja na robo.

3. Miembe. Upepo ukivuma mizizi inatetema, na jiofoni ya jirani inachora kama mkono wa mwenye homa. Pigeni alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka. Treni ikipita, subirini. Kivuli cha mwembe ni cha kulia ugali.

4. Sasa moramu, kosa ambalo karibu wote tuliozeeka kwenye kazi hii tumelifanya, na bado mnalirudia kwa bidii. Rifraksheni, yaani hii kazi yetu ya kusoma mawimbi yanayopinda chini na kurudi juu, inataka kasi iongezeke kadiri unavyoshuka. Sehemu nyingi za hapa juu kuna moramu iliyoshikana, chini yake udongo wa mfinyanzi laini uliotokana na graniti iliyooza, kisha graniti yenyewe. Wimbi likitoka tabaka la kasi kuingia la polepole linapinda kuelekea chini. Halirudi kuwaambia limepita wapi.

Chukueni moramu mita 2 yenye kasi ya mita 1500 kwa sekunde, mfinyanzi mita 8 wa 600, graniti ya 5000. Muda wa kikato, pale mstari wa wimbi la graniti unapokata mhimili wa muda kwenye grafu, unakuja kama milisekunde 29, na karibu 26 kati ya hizo ni za mfinyanzi. Programu haimjui huyo mfinyanzi. Inadhani yote ni moramu, inazidisha kwa 1500, inawapa mita 23 bila aibu. Ukiiomba ilainishe mchoro, italainisha uongo huohuo.

Tena wimbi la graniti linaanza kufika kwanza, kabla ya la moramu, kwenye mita 62 hivi kutoka kwenye pigo. Laini ya jiofoni 24 kwa nafasi ya mita 3 ina urefu wa mita 69, kwa hiyo pigo la mwanzo wa laini linaionyesha kwa jiofoni tatu tu za mwisho. Halafu mnachora mstari kwa ujasiri! Wekeni nafasi ya mita 5. Wimbi la moramu likififia ghafla na linalofuata likaruka kuchelewa, simameni hapohapo: kuna tabaka laini limejificha. Rudieni kwa mawimbi ya uso wa ardhi, jiofoni za hezi 4.5, au pimeni ukinzani wa umeme. Shimo moja la mkono, hata la mita 4, lina faida kuliko wiki nzima ya kompyuta.

5. Wa Kigoma, bonde la Luiche: kasi ya 1500 pale ni maji kwenye mchanga. Msiandike "mwamba laini".

Na mapigo ya mbali, mita 30 nje ya laini, pande zote mbili, msiyaache eti jua limekuwa kali.