Toa Pumzi Kwanza, Deni Utalijadili Baadaye

Daladala ya Mbagala imekwama kwenye foleni, simu inatetemeka mfukoni: ni yule mkopeshaji wa kausha damu, mikopo ya riba kali, anataka marejesho yake leo. Ujumbe hujaumaliza kuusoma, lakini moyo tayari unakwenda mbio, viganja vimelowa jasho, tumbo limekaza.

Huo si uoga, wala si upungufu wa imani. Ubongo umepiga king'ora, na ndani ya sekunde chache tezi mbili zilizokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu. Sukari inapanda, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa, usagaji wa chakula unasimama kando. Nyuma yake inakuja homoni nyingine, kotisoli, ambayo hufika kileleni baada ya kama dakika 20 hadi 30, kisha hushuka taratibu. Ndiyo maana mtu anafika kituo cha Rangi Tatu, simu ilishanyamaza zamani, halafu anamfokea mtoto kwa sababu ya kikombe cha maji kilichomwagika.

Kujiambia "tulia, tulia" hakusaidii sana, kwa kuwa moyo hauendeshwi kwa amri. Pumzi ndiyo unayoweza kuishika. Ukivuta hewa, mapigo huongezeka kidogo. Ukiitoa, neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, huyapunguza. Kwa hiyo kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Weka kiganja juu ya kitovu, vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, kiganja kiinuke, mabega yatulie. Toa kwa midomo iliyobanwa, kama unayepoza chai ya moto, ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea kwa dakika 5.

Wengi huharibu hapa: wanavuta hewa nyingi kwa kifua, tena harakaharaka. Kabonidioksaidi inapungua mno kwenye damu, kizunguzungu kinakuja, vidole na midomo vinakufa ganzi, na mtu anaamini anakata roho. Anahitaji kupumua polepole na kwa hewa kidogo, asiongeze. Wengine husubiri siku ya balaa ndipo wajaribu. Jizoeze asubuhi na kabla ya kulala, ukiwa mzima na mtulivu, ili mwili uijue njia.

Ujumbe ule usiujibu moyo ukiwa bado unadunda. Ahadi za malipo zinazotolewa katika hali hiyo ndizo zinazozaa mkopo wa pili.

Usiku, misuli ikigoma kulegea, kaza ngumi kwa sekunde 5, achia kwa sekunde 15, usikilize tofauti. Nenda mabega, taya, tumbo, mapaja, nyayo. Shingo ikaze nusu nguvu tu, isije ikashikwa na mkakamao.

Kahawa ya kijiweni nayo ihesabu. Kafeini hupungua kwa nusu baada ya muda wa kama saa 5, hivyo nusu ya kafeini ya vikombe vya saa 12 jioni bado imo mwilini saa 5 usiku. Hamishia asubuhi. Adrenalini iliyotayarisha miguu ikimbie nayo itumie: shuka kituo kimoja kabla ya chako, tembea kwa haraka dakika 15 ukienda na 15 ukirudi. Kwa siku tano za kazi ni dakika 150, kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa wiki.

Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho baridi, usiyaite msongo wa mawazo. Wahi hospitali saa hiyohiyo. Na usingizi ukikukimbia wiki mbili mfululizo, nenda ukaonwe kwenye kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Muhimbili wanayo. Likija wazo la kujitoa uhai, usikae nalo peke yako hata usiku mmoja: mwamshe ndugu au jirani, mwende hospitali pamoja.