Tiketi Imeandikwa "Kwa Hatari Yako": Je, Bado Ninaweza Kudai Fidia?

SWALI: Ndugu mwanasheria, nilikuwa nimeketi nyuma ya goli nikitazama mechi ya mpira wa miguu, shuti likapaa, likapenya kwenye tundu la wavu wa kinga na kunipiga jichoni. Tundu lenyewe lingepitisha mipira miwili kwa pamoja, na kingo zake zilikuwa zimeunganishwa kwa kipande cha kamba. Mlinzi aliniambia limekuwa hivyo tangu msimu uliopita. Uongozi wa uwanja umekataa kunilipa gharama za matibabu kwa sababu tiketi inasema mtazamaji anaingia kwa hatari yake mwenyewe. Je, niyaache madai haya?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Usiyaache.

Uongozi unaegemea kanuni ya zamani ijulikanayo kwa Kilatini kama volenti non fit injuria, yaani aliyeridhia hatari hawezi kulalamika ikimpata. Kanuni hiyo ina nguvu yake. Mwaka 1930, kwenye mbio za magari za Brooklands nchini Uingereza, magari mawili yaligongana, moja likarushwa hadi kwenye uzio na watazamaji wawili wakafa. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wenye uwanja hawawajibiki, kwa kuwa tangu ulipofunguliwa mwaka 1907 ajali ya namna hiyo haikuwahi kutokea, na anayekwenda kutazama mbio anafahamu kuwa magari huweza kugongana.

Lakini angalia ni kitu gani hasa ulichokiridhia. Uliridhia kwamba mpira huenda ukatoka nje ya uwanja. Hukuridhia kwamba wavu uliowekwa mahususi kuuzuia ungeachwa umetoboka msimu mzima, huku wahusika wakijua. Bondia Michael Watson alipanda ulingoni mwaka 1991 akijua fika kwamba atapigwa ngumi, na hata hivyo mahakama iliiwajibisha bodi ya ngumi ya Uingereza kwa kutohakikisha kuwa kuna huduma ya haraka ya kumwokoa pale pale ulingoni. Kwangu mimi, kesi hiyo inauhusu wavu wako moja kwa moja.

Maandishi ya tiketi hupimwa tofauti kila nchi. Baadhi ya majimbo ya Marekani huyaheshimu masharti ya aina hiyo, ilhali Uingereza, tangu mwaka 1977, sheria humzuia mfanyabiashara kujivua kwa tangazo dhima ya kifo au jeraha lililosababishwa na uzembe wake. Jiandae pia kuulizwa kama uliliona tundu kabla ya kuketi, maana mahakama inaweza kukupunguzia fidia kwa uzembe wako mwenyewe; jibu ukweli, kwani kupunguziwa si kunyimwa.

La haraka ni ushahidi, na hapa ndipo madai mengi mazuri yanapofia. Rudi leo ukaupige picha wavu ule, kamba yake ikionekana, kabla haujashonwa. Tunza tiketi na karatasi zote za hospitali. Pata jina la mlinzi na la waliokaa jirani nawe. Kisha mwone wakili akuandikie barua ya madai, naye aombe kumbukumbu za ukaguzi na matengenezo ya uwanja, na umuulize siku hiyo hiyo ukomo wa muda wa kufungua shauri katika nchi yako.