Mzinga unalengaje meli isiyoonekana? Kisa cha Königsberg, Rufiji 1915

Swali: Nimesoma kwamba manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa kwenye delta ya Rufiji na meli mbili za Kiingereza ambazo hazikuiona kabisa. Hilo linawezekanaje kitaalamu? Kwa nini jaribio la kwanza lilishindikana? Na mizinga yake ilikwenda wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, linawezekana, na mizinga mingi hupigwa hivyo hadi leo. Anayepiga si lazima aione shabaha. Anachohitaji ni mtu anayeiona, na njia ya haraka ya kupata maneno yake.

Tuanze na hali ilivyokuwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga bandarini Zanzibar kwa ajili ya matengenezo. Kisha ikarudi kujificha Rufiji kwa sababu mitambo yake yenyewe ilikuwa mibovu. Vipuri ilibidi visafirishwe kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vitengenezwe, virudishwe. Waingereza waliigundua na kuziba njia, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwenye mito ile isiyo na kina. Ndipo wakaleta Severn na Mersey, meli bapa zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili, ambazo zilihitaji maji yasiyofika hata mita 2. Zilikokotwa kutoka Malta hadi kisiwa cha Mafia, zikafika Juni 1915. Kila moja ilikuwa na mizinga miwili mikubwa ya milimita 152.

Sasa ulengaji wenyewe. Ramani inakupa uelekeo na umbali. Uelekeo unaupima kutoka kwenye alama unayoiona, hata kama ni mti tu, halafu unazungusha mtutu kwa pembe iliyokokotolewa. Umbali unakupa mwinuko wa mtutu, kwa kusoma jedwali la mzinga husika. Kombora la kwanza karibu halipigi kamwe: kuna upepo, joto la baruti, uchakavu wa mtutu, na makosa ya ramani yenyewe. Hapo ndipo mwangalizi anapoingia. Anaripoti: imepita mita 200, kushoto mita 50. Mpigaji anarekebisha. Kombora linalofuata likipungua, yaani likianguka kabla ya kufika, unajua shabaha iko katikati ya hayo mawili, unaendelea kubana mpaka unaifikia. Pale Rufiji mwangalizi alikuwa kwenye ndege, akituma alama za Morse kwa simu ya upepo.

Tarehe 6 Julai 1915 mbinu hii ilivurugika, na kwangu mimi sababu kubwa ni moja: meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja. Kombora likianguka halina jina. Aliye juu anasema "imepungua", lakini ya nani? Severn inaongeza mwinuko kwa kosa la Mersey, na Mersey inapunguza kwa kosa la Severn. Ongeza kwamba tope la mikoko humeza makombora, moshi usionekane vizuri. Wajerumani nao walikuwa na waangalizi wao nchi kavu, wakapiga vizuri zaidi. Mzinga mmoja wa Mersey uliharibiwa na watu wakafa. Waingereza walipiga makombora zaidi ya 600 siku hiyo, yakapata machache tu.

Tarehe 11 Julai walirudi na utaratibu mpya: inapiga meli moja, nyingine inanyamaza. Severn ilitia nanga na kuanza. Angani, rubani Cull na mwangalizi Arnold waliirekebishia mapigo hatua kwa hatua hadi makombora yakaanza kuipata Königsberg. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa. Wakati inashuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho, akiwaambia mapigo yote yanaangukia upande wa mbele wa meli. Waliangukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Wengi husimulia ushujaa huo, na wanastahili. Lakini Severn ilikuwa imeshapata vipimo, kwa hiyo hata bila macho ya angani iliendelea kupiga palepale. Königsberg ikawaka moto. Nahodha wake Max Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru ilipuliwe kwa kichwa cha torpedo, kombora la chini ya maji.

Kuhusu mizinga: yote 10 iliopolewa, na mingi ikatengenezewa magurudumu na kutumika nchi kavu katika jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika, ambayo leo ndiyo Liemba. Mmojawapo wa iliyosalia uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, meli ileile iliyozamishwa na Königsberg. Ukienda huko usitegemee kuitofautisha kwa upana wa mitutu: wa Kijerumani ni milimita 105, wa Kiingereza ni inchi 4, yaani karibu milimita 102.